Anzia Mfereji wa Mwisho: Namna ya Kuendesha Mradi Mdogo wa Maji Mtaani Mombasa

Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake. Maji ya mfereji tunayoyajua hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, ambazo maji yake ni mvua iliyozama kwenye vilima vya Chyulu, chemchemi za Marere kwenye Shimba Hills, visima vya Tiwi, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Paipu ya Mzima peke yake husafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kutufikia. Ikipasuka mahali, au stima ikikatika kwenye pampu za Baricho, watu wa Kisauni hutoka na mitungi. Ndiyo maana mitaa mingi, wetu wa Mishomoroni ukiwemo, imejichimbia kisima, ikainua tangi na kutandaza paipu zake yenyewe.

Mimi ni katibu wa mradi wa mtaa wetu. Daftari liko kwangu, ufunguo wa valvu uko kwangu, na simu ikilia alfajiri najua ni ya maji. Naziandikia kamati zinazoanza, na zile ambazo tangi wanalo lakini kila siku ni malalamiko. Jambo moja nataka mlishike: msiupime mradi pale tangini, upimeni kwenye mfereji wa mwisho. Kwetu mfereji huo uko kwa bibi mmoja ng'ambo ya uwanja wa mpira, paipu inapoishia na ardhi imeinuka kidogo. Kwa Bibi maji yakitoka, yakiwa safi, kwa bei anayoiweza, basi mtaa mzima una maji. Kwa Bibi yakikatika, kuna jambo limeharibika njiani, hata kama walio karibu na tangi wanaosha magari.

Karatasi kwanza

Hapa sitakawia. Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mnahitaji watu wasiopungua 10. Kisima cha kuchimbwa kwa mtambo kinataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla mtambo haujaingia, na kibali cha kuvuta maji baadaye. Huduma ya maji kwa mujibu wa Katiba ni kazi ya kaunti, kwa hiyo kaeni na kampuni ya maji ya kaunti muandikiane: nani anauza wapi, na kama mtapewa laini yao ya kujazia tangi siku za mgao. Makubaliano ya mdomo huisha siku afisa anapohamishwa.

Kisima chetu kinaelea juu ya bahari

Watu wa bara wakichimba wakapata maji, wamepata. Sisi huku pwani maji baridi yamekaa juu ya maji chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi, ndani ya mchanga na jiwe la matumbawe. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takribani mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Geuza hesabu uone hatari yake: ukivuta kwa pupa ukashusha maji kisimani kwa nusu mita tu, chumvi iliyo chini ina nafasi ya kupanda mita 20. Haipandi kwa saa moja, lakini ikishapanda kurudi kwake ni kazi ya misimu ya mvua.

Kwa hiyo msinunue pampu kubwa. Nunueni pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi, mzigawe saa hizo mara mbili. Tuseme mtaa una nyumba 60, kila nyumba watu 5, kila mtu lita 50 kwa siku. Hiyo ni lita 15,000, yaani mita za ujazo 15. Pampu inayotoa mita za ujazo 3 kwa saa itamaliza kazi kwa saa 5. Sisi huwasha alfajiri, tukazima, tukawasha tena alasiri, kisima kipate kupumua katikati.

Kipimo cha chumvi ni kijimashine kama kalamu nene, unakichovya kwenye glasi kinakusomea jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikiongezeka, namba inapanda. Chukua glasi ya kwanza pampu ikishatulia, na glasi nyingine dakika chache kabla ya kuzima. Andika zote mbili. Ya pili ikiwa inaizidi ya kwanza kila siku, na pengo linakua, punguza saa za kuvuta hata kama watu watanung'unika. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, angalieni zaidi, maana mvua haijarudisha kitu. Ulimi nao ni kipimo: maji yakizidi miligramu 1,000 za chumvichumvi kwa lita, wengi huanza kuyakataa, na chai huwa ya kwanza kuwaambia.

Choo ni jambo la pili. Mwongozo wa kawaida ni kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka choo cha shimo. Katika viwanja vyetu vilivyobanana, mita 30 hazipatikani bila kuingia kwa jirani, na jiwe la matumbawe lina nyufa ambazo uchafu hupita bila kuchujwa. Chimbeni upande wa juu wa mtaa, mbali na kriki, kwa kuwa maji ya ardhini kwa kawaida huelekea kriki na baharini. Zibeni mdomo wa kisima kwa zege, na chukueni kwamba maji yana vijidudu mpaka maabara iseme vingine. Tena maabara iulizwe na habari ya naitreti. Hiyo hutoka kwenye vyoo, haiondolewi na klorini, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua yenyewe ikabaki. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo asipewe maji hayo kabisa.

Tangi na paipu

Maji hupata nguvu kutokana na kimo. Kila mita 10 za kimo ni presha ya bar 1, kwa hiyo tangi lililowekwa kwenye mnara wa mita 6 linakupa bar 0.6 hapo chini ya mnara, na inapungua kila hatua unayokwenda. Kinachoila presha hiyo ni paipu nyembamba. Kamati nyingi hujinyima hapa ili zibakishe pesa, na hapa ndipo nyumba ya mwisho inapouawa. Paipu ya inchi 2 hubeba maji karibu mara sita ya paipu ya inchi 1 kwa presha ile ile. Watu hudhani ni mara mbili. Laini kuu iwe inchi 2 mpaka mwisho, isipunguzwe njiani ati kwa sababu nyumba zilizobaki ni chache. Matawi inchi 1. Nusu inchi ianzie pale inapoingia kwa mtu.

Mkiweza, rudisheni ncha ya laini iungane na laini kuu iwe duara. Maji yakipata njia mbili, presha inasawazika, na hakuna maji yanayolala kwenye ncha yakaoza. Msipoweza, wekeni mfereji wa kumwagia pale mwisho, ufunguliwe kila wiki mpaka maji yatoke meupe.

Jaribio la nyumba ya mwisho halina gharama. Nenda na mtungi wa lita 20 saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanapojitayarisha kwenda shule na kila mtu amefungua. Fungua mfereji wote, angalia saa. Ukijaa kwa dakika 2, mko vizuri sana. Dakika 4, mnavumilika. Ukipita dakika 8, mtungi haujajaa na mama mwenye nyumba keshaanza kukutazama, basi tatizo ni paipu, au uvujaji, au kuna nyumba katikati iliyofunga pampu ya kunyonya kwenye laini. Hiyo pampu ya kunyonya ipigwe marufuku tangu kikao cha kwanza. Inawanyima wa mbele, na inavuta maji ya mtaroni yaingie kupitia viungo vilivyolegea.

Paipu zikikaa tupu pia huvuta uchafu namna hiyo hiyo. Ikiwa mnatoa maji kwa zamu, mwaga maji ya kwanza, na muwaambie wenye nyumba wafanye vivyo hivyo kabla ya kukinga ya kunywa. Zamu yenyewe ianze upande wa juu na wa mbali. Waliokaribu na tangi watapata tu. Ratiba ibandikwe msikitini, dukani, na itumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, kwa saa zetu za kawaida, si za mashine.

Na valvu ifungwe polepole. Ufunguo wetu ni ule wa umbo la T. Mimi huuzungusha nusu mzunguko, nasikiliza, nusu tena. Ukiufunga kwa haraka, maji yaliyokuwa mbioni yanagota, na mgoto huo unausikia nyumba ya tatu. Viungo vya PVC hupasuka kwa mgoto, na fundi akija atalaumu gundi.

Klorini

Unga wa klorini wanaouita HTH una nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Kwa tangi la lita 10,000, mkitaka kuanza na miligramu 2 kwa lita, mnahitaji gramu 20 za klorini yenyewe, ambazo ni takribani gramu 31 za unga. Pimeni kwa mizani ndogo ya vito, ile ya masonara, msitumie kijiko.

Tia unga ndani ya ndoo ya maji. Usitie maji juu ya unga. Vaa glavu, simama upepo ukiwa mgongoni. Koroga, acha chokaa izame, kisha mimina yale maji ya juu tangini likiwa limefika nusu na pampu inaendelea kujaza, yachanganyike yenyewe. Subiri nusu saa kabla ya kufungua laini. Kopo la unga likae gizani, pakavu, limefungwa. Joto letu na unyevunyevu wetu hulimaliza nguvu, na unga wa mwaka jana si unga wa leo.

Kisha toka, nenda mpaka mfereji wa mwisho. Kupima klorini iliyobaki tunatumia vidonge vya DPD, kama wanavyopimia mabwawa ya kuogelea hoteli za Nyali na Bamburi. Unakinga maji kwenye kichupa, unadondosha kidonge, unatikisa, na maji yanageuka waridi. Unalinganisha na rangi za pembeni. Kinachotakiwa ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Rangi isipotokea kabisa wakati tangini imetokea, klorini imeliwa njiani, na kinachoila klorini ni uchafu: tafuteni paipu iliyopasuka karibu na mtaro. Kwa njia hii tumewahi kukuta kiungo kinachovuja chini ya kidaraja cha mbao ambako hakuna aliyekuwa akitazama, maana maji yaliyovuja yalikwenda moja kwa moja mtaroni.

Daftari

Wekeni mita kubwa inapotoka laini kwenye tangi, na mita ndogo kila nyumba, pamoja na ile ya kioski cha kuuzia mitungi. Siku ile ile, mtu yule yule, zisomwe zote. Jumla ya mita ndogo toa kutoka mita kubwa, unapata maji yaliyopotea. Ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji Kenya, miaka mingi zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na makampuni nchini hayalipiwi. Mtaa mdogo hauna ruhusa ya kufika huko. Mkipita asilimia 20, simamisheni mambo mengine mtafute.

Kutafuta kunafanywa usiku. Nenda kwenye mita kubwa saa nane za usiku, na tochi. Ndani ya kioo kuna kigurudumu chekundu kidogo kama nyota, ambacho huzunguka hata kwa maji machache. Mtaa umelala, matangi ya nyumbani yamejaa, lakini kinyota kinazunguka bila kusita: hayo ni maji yanayokwenda ardhini. Funga valvu ya tawi la kwanza. Kikiendelea, si huko. Funga la pili. Pale kinaposimama, tawi umelipata, na asubuhi fundi hana haja ya kufukua mtaa mzima.

Sasa bei. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona miradi mizuri ikifa na kisima chake kikiwa kizima. Kusanyeni gharama zote za mwezi: stima, klorini, vidonge, mshahara wa anayekaa kioski, matengenezo, na akiba ya pampu. Tuseme ni shilingi 54,000. Mmevuta mita za ujazo 450. Mkigawa kwa 450 mtapata shilingi 120 kwa mita ya ujazo, na mtafurahi kwamba maji ni rahisi. Lakini yaliyofika kwa watu ni 360 tu. Mkiuza kwa 120 mtakusanya 43,200, na kila mwezi mtapungukiwa 10,800 bila kujua zilikokwenda, na mtaanza kushukiana. Gawanyeni kwa maji yaliyouzwa: 54,000 kwa 360 ni shilingi 150. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20, basi mtungi ni shilingi 3. Mkiziba uvujaji, bei inashuka yenyewe. Wakati hamali anauza mtungi kwa bei ya mara kadhaa ya hiyo siku mifereji ya mji imekauka, mtu anaiona maana ya fundi.

Malipo yaingie kwa M-Pesa ya kikundi, isiwe simu ya mwenyekiti, wala katibu. Akiba ya pampu iwe akaunti yake, wanaotia sahihi watatu, na isikopeshwe kwa harusi wala matanga. Pampu ya kisima chenye chumvichumvi haidumu kama ya bara. Itaharibika, na itaharibika mwezi wa Ramadhani wakati kila mtu anahitaji maji saa moja kabla ya magharibi. Mkiwa na pampu ya pili stoo, ni kazi ya siku moja.

Kuna wasioweza kulipa. Mjane mwenye wajukuu, mzee aliyelazwa nyumbani, madrasa. Amueni mapema ni mitungi mingapi kwa siku, muiandike kwenye daftari kama maji yaliyotolewa, bei sufuri. Ikiandikwa, ni uamuzi wa mtaa na mtu anakinga kichwa juu. Isipoandikwa, inakuwa hisani ya anayekaa kioski, na kesho akibadilishwa inakatika; tena mita ya kioski itasoma maji ambayo pesa zake hazionekani, mkaanza kumshuku bure.

Wenye mikokoteni tunawauzia, nao wana watoto. Lakini wanaanza saa nne asubuhi, wenyeji wakishachota, na glasi ya pili ya kupima chumvi ikisoma vibaya, kesho yake hawapati kabisa. Tunawaambia usiku huo huo, wasije wakapoteza safari.

Masika

Mei ndiyo mwezi wa kuogopwa. Mvua ikipiga mfululizo, mashimo ya vyoo hujaa yakafurika, na maji ya juu hutafuta kila ufa. Kabla ya masika, kagueni zege la mdomo wa kisima, mfuniko wa tangi na wavu wa bomba la kupumulia. Vuneni maji ya mapaa nayo: milimita 1 ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100, na msikiti au shule yenye paa pana inaweza kuwapunguzia kisima mzigo kwa wiki kadhaa. Maji hayo yatumieni kufulia na kuoshea, mkiyamwaga yale ya mwanzo yanayosafisha paa.

Mafuriko yakifika kisimani, zimeni pampu. Msubiri maji yashuke, mtie klorini nyingi kisimani, ikae usiku kucha, mvute na kumwaga mpaka harufu ipungue, kisha mpeleke chupa maabara. Wakati mnangoja majibu, tangazeni watu wachemshe maji ya kunywa, kwa kipaza sauti cha msikiti na kwa WhatsApp. Majibu yakija hakuna bakteria ya kinyesi hata moja katika mililita 100, tangazeni tena kwamba kuchemsha kumekwisha, mkitaja na tarehe ya kipimo, ili watu wasiendelee kuchoma makaa wiki nzima bila sababu.